Vunjajungu wa Mwende

Habari kwamba Daktari Nafula ametutoka niliipata kutoka kwa Mwende, na hilo peke yake lilinikaa kooni kuliko kifo chenyewe. Mimi nilifanya kazi na Daktari katika jumba la makumbusho kule Nairobi tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikaanza kunigeuka. Nilijua anavyokunywa chai yake, nilijua kikohozi chake cha hasira na kikohozi chake cha kawaida. Mwende alikaa naye mwaka mmoja tu, mwaka uleule nilioanza naye mimi, kisha akaenda zake Mbooni kulima. Lakini binti ya Daktari aliposhika simu asubuhi ile kuwaarifu watu, alianza na Mwende. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia sauti ya Mwende, ile sauti isiyokubali kuzeeka, ikiniambia kwa upole, "Syombua, mama yetu ametuacha." Nililia, ndiyo, na nililia kweli. Lakini kabla sijalia niliuliza, "Nani amekuambia?"

Watu hudhani wivu ni ugonjwa wa vijana, kwamba ukistaafu na kupata wajukuu unapona wenyewe. Mimi sijapona. Tulipatana niende nilale kwa Mwende, kesho yake tusafiri pamoja hadi kwenye mazishi, na kijana wa boda boda aliponipandisha ile njia ya Mbooni iliyosimama wima, nikiwa nimemshika koti kwa mikono miwili, sikuwa nawaza marehemu. Nilikuwa nawaza nyumba ya Mwende itakuwa kubwa kiasi gani. Nilikuwa nawaza pia ule mwaka wetu, na kwa nini kila nikiukumbuka nauona kama chumba ambamo watu wawili wanacheka na mimi niko upande wa pili wa ukuta.

Tulikuwa tumemaliza shule, kila mmoja na yake, hatujuani. Mimi nilitoka Nuu, Mwende alitoka Mwingi mjini. Daktari alikuwa anatafuta wasichana wawili wa kumsaidia kukusanya vunjajungu katika Kitui na Makueni kwa mwaka mzima, na siku ya kwanza kabisa alituketisha kwenye benchi akatueleza bila kuzunguka. Mwaka ukiisha, mmoja wetu angeenda naye Nairobi kufundishwa kazi ya kutunza wadudu wa makumbusho. Mmoja, kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Alilisema hilo kama mtu anayekuambia chai iliyobaki ni ya kikombe kimoja. Mwende alicheka akasema basi tutaona. Mimi sikucheka. Tangu dakika ile sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa mwanamke huyu mwenye miwani mikubwa na buti za mpira anichague mimi.

Tulianzia Mwingi, na kwa kuwa kwao Mwende hawakutaka wadudu nyumbani, tulipanga vyumba viwili uani kwa Bi Zuhura, mjane wa familia iliyotoka pwani zamani za biashara, akina babu yake. Nyuma ya ukuta palikuwa na kinu cha posho. Kikiwashwa, kitanda kilitetemeka, vikombe vilitetemeka, na vunjajungu wetu ndani ya vizimba vya chandarua walianza kuyumba huku na huku kama majani kwenye upepo, kwa kuwa ndivyo wanavyojificha. Unga mwembamba ulitua juu ya kila kitu. Nilikuwa naamka mapema kuwapangusa kwa unyoya wa kuku. Bi Zuhura hakuwapenda hata kidogo. Kwao, jina la mdudu huyu si mchezo: ukimshika kisha ukashika chungu, chungu kitavunjika. Kwa hiyo hatukuruhusiwa kukaribia jiko lake. Alitupakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kunde mlangoni, tukala tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Baada ya wiki chache nikarudi kutoka msalani nikamkuta Mwende ndani ya jiko, ameshika mwiko, anakoroga mchuzi wa nazi na Bi Zuhura anamfundisha kuuonja. Nilipoweka mguu mlangoni, Bi Zuhura alinisimamisha. "Wewe mwanangu kaa huko huko," akasema, "mikono yako imeshinda na wale wadudu." Kana kwamba mikono ya Mwende ilikuwa imeshinda kanisani.

Jina lenyewe, kwa Kikamba, Mwende ni kusema anayependwa. Mimi Syombua ni wa mvua, na mvua kwetu kila mtu anajua inavyokuja.

Niwaeleze kazi yetu, maana mtu asiyewajua hudhani vunjajungu ni mmoja, yule wa kijani anayekunja mikono kama anaomba. Wako aina zaidi ya elfu mbili duniani, na ndugu zao wa karibu, mtashangaa, ni mende na mchwa. Pale Nuu tulipata mwembamba kama unyasi, ukimtazama moja kwa moja humwoni. Tulipata wa magome ya miti, bapa, rangi ya jivu, ambaye jike wake hulala juu ya mayai yake akiyalinda. Tulipata wa maua, ana doa mgongoni mwa bawa linalofanana na jicho, na mwingine aliyekauka na kujikunja kama jani la mwaka jana hata nikamfagia mara mbili kabla sijajua ni kiumbe. Watoto wa wengine huzaliwa weusi, ukidhani ni sisimizi. Daktari alitufundisha kuhesabu miiba kwenye miguu ya mbele, kuangalia umbo la kichwa, kutafuta sikio, maana wengi wana sikio moja tu, na liko kifuani. Kwa vitu hivyo ndivyo unavyosema huyu ni wa familia hii, huyu jenasi ile, huyu spishi ile. Siku hizi wanatumia vinasaba na familia kubwa tuliyoijua sisi imevunjwavunjwa vipande. Wakati huo ilikuwa macho na lenzi ya mkononi.

Na mimi nilikuwa na macho. Nasema bila aibu. Msichana yeyote wa kwetu hukua na ungo mapajani baada ya mavuno, anachagua mbegu: kunde nyekundu huku, nyeupe huku, zenye madoa peke yake, mbaazi ndogo mbali na kubwa, kwa sababu ukichanganya leo, msimu ujao shamba litakuumbua mbele ya majirani. Nilichagua vunjajungu vivyo hivyo. Wa kijani sanduku lao, wa kahawia lao, wakubwa mbali na wadogo, na wale weusi tuliowapata kwenye nyasi zilizoungua nikawapa sanduku la peke yao. Masanduku yangu yalipendeza. Mwende alikuwa anatupa wake pamoja, kijani na kahawia, mnene na mwembamba, ukifungua unaona vurugu. Nilimwuliza kwa nini hapangi. Akasema alivyowakuta ndivyo alivyowaweka, kwenye kichaka kimoja, sasa yeye ni nani awatenganishe. Daktari alitazama masanduku yangu akasema ninajua kazi. Kisha akatazama ya Mwende akaangua kicheko, akavua miwani akapangusa macho. Usiku nilijiambia kusifiwa ni bora kuliko kuchekwa. Lakini nilikuwa naisikia ile sauti ya kicheko chake, na najua nilikuwa tayari kuvuruga masanduku yangu yote ili nikisikie kimeelekezwa kwangu.

Kupitia dirishani siku moja nilimsikia Bi Zuhura akiongea na jirani, anachambua mchicha. Mmoja mzuri, alisema, anajua kukaa na watu. Yule mwingine uso wake kila saa kama hajala. Nikaingia chumbani nikatafuta kioo. Ni kweli, nilikuwa na uso wa njaa, na mchana huo nilikuwa nimekula sahani mbili.

Mvua ilipokata tukahamia Makindu. Tulipanga chumba karibu na barabara ya Mombasa, malori yanapita mchana kutwa, na mchana tulikwenda kula kwenye gurudwara, hekalu la Wasikh, ambako msafiri yeyote hukaribishwa. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukakaa chini kwenye mkeka mrefu, tukapewa dengu na chapati laini na wali wa maziwa wenye iliki. Nakumbuka vizuri kwa sababu hapo ndipo Daktari alipokuwa anaongea nasi kwa raha zaidi, na kwa sababu Mwende daima alikaa katikati. Sijui alivyofanya. Tuliingia mlangoni tukifuatana, Daktari, mimi, Mwende, tukikaa inakuwa Daktari, Mwende, mimi.

Ni Makindu nilipompata wangu. Alikuwa mdogo, wa kahawia, mabawa marefu kupita tumbo, vipapasio vyake vimejaa nywele kama unyoya. Nilimkuta asubuhi amejibanza kwenye wavu wa dirisha letu. Daktari alimgeuza chini ya lenzi muda mrefu, akafungua vitabu vyake, akafunga, akasema huyu hamjui. Mkisikia mtu kama yule anasema hamjui, mtanielewa moyo ulivyonipiga. Juma lilelile Mwende naye akaleta wake kutoka kwenye kichaka cha miiba nyuma ya stesheni: jike mnene, kijani kibichi, mabawa mafupi kama koti lililorudi baada ya kufuliwa. Naye Daktari akasema hamjui. Basi tukawa na wawili, na Daktari akawa anawaita wa Syombua na wa Mwende. Wa Mwende aliwekwa kwenye kizimba kikubwa karibu na kitanda cha Daktari ili aonwe anavyotaga. Wangu alikuwa amekufa, akachomwa pini. Hata katika hilo.

Niliamua nipate wengine wa aina yangu, wengi, mpaka Daktari asiwe na la kufanya ila kukubali kwamba Syombua amegundua kitu kipya na kwamba nafasi ya Nairobi ni yangu. Na niliwapata. Kila asubuhi kabla wenzangu hawajaamka niliinuka taratibu, na nilikuwa nawakuta wawili, watatu, wameng'ang'ania nje ya chandarua cha kizimba cha yule jike wa Mwende. Niliwaokota mmoja mmoja nikawatia kwenye chupa. Nilidhani wanafuata taa iliyokuwa hapo mezani. Nilifurahi mno, nikajaza safu nzima ya sanduku, wa kahawia wote, saizi moja, mpangilio mzuri kuliko wote niliowahi kufanya. Nilimwonyesha Mwende makusudi, nikamwambia ni taa inayowavuta. Aliwatazama, akanitazama mimi, akarudi kumlisha jike wake. Nilidhani ni wivu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nililala vizuri.

Alilotaka kusema alilisema siku mbili baadaye, kwenye mkeka wa gurudwara, chapati ikiwa mkononi. Hakumwambia Daktari, aliniambia mimi, lakini Daktari alikuwa pale pale. "Syombua, si hao wako ni mabwana wa huyu wangu? Kila usiku wanamfuata. Hiyo taa haina hata mafuta tangu juzi."

Daktari aliacha kutafuna. Hakucheka safari hii. Alisimama kabla hajamaliza sahani, jambo ambalo hapo si adabu, akaomba radhi kwa wazee waliokuwa wakigawa chakula, tukatembea haraka hadi chumbani na viatu havijafungwa vizuri. Alasiri hiyohiyo alichukua mmoja wa wangu aliyekuwa bado hai ndani ya chupa akamtia kwenye kizimba. Tulikaa sote watatu sakafuni. Yule mdogo alimkaribia jike kwa nyuma, hatua moja kisha anatulia, hatua moja kisha anatulia, mpaka akampanda mgongoni, na hapakuwa na la kubishana tena: walikuwa dume na jike wa aina moja. Kisha jike akageuza shingo, akamshika kichwa akaanza kumla kuanzia juu, polepole, kama mtu anayekula muhogo, na huku chini dume anaendelea na shughuli yake. Mwende aliziba mdomo. Mimi niliendelea kutazama mpaka yakabaki mabawa. Nilimchukia yule jike, na nilikuwa namwona ana uso wa Mwende.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi kwangu. Daktari alitoa masanduku yangu yote, tangu yale ya Mwingi, akayafungua juu ya kitanda. Wa kijani na wa kahawia niliowatenganisha kwa ustadi wa ungo walikuwa, wengi wao, kitu kimoja. Kiangazi huwageuza kahawia, mvua huwarudisha kijani, na wale weusi wa sanduku la peke yao walikuwa watoto wa hao hao waliokulia kwenye majivu. Wakubwa walikuwa majike, wadogo madume. Mbegu ukichagua kwa rangi unapata zao la rangi hiyo, lakini hawa hawakujali rangi. Tulifanya kazi majuma kadhaa kuwarudisha pamoja, na mpangilio tuliourudia ulifanana, kwa kila hali, na ile vurugu ya Mwende. Daktari hakunilaumu. Alisema hata wataalamu wa Ulaya wa zamani walifanya kosa hilo, dume wakampa jina lake na jike lake, na baadaye ikabidi jina moja lifutwe. Alipokwenda Nairobi kulinganisha, alikuta huyu wetu naye alishaandikwa zamani, mara mbili hivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Nilishukuru Mungu kwa hilo. Afadhali tukose sote.

Mwezi wa mwisho tuliumalizia Mbooni, kwenye baridi na ukungu, nyumba ya mwalimu aliyekuwa likizo. Tulikuwa tunaota moto jikoni na kula mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Nilihesabu moyoni: Daktari amecheka na Mwende, ameketi naye, amemwona ana macho kunishinda. Jioni moja Daktari aliniita nje kwenye ngazi. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa jinsi ya kumpa Mwende hongera. Akaniambia nifunge mizigo yangu, tunaondoka pamoja Jumatatu. Nilimwuliza, "Mimi?" Akasema, "Ndiyo, wewe." Mwende alikuja mbio kutoka jikoni akanikumbatia, akaniinua miguu ikaacha ardhi, na nilipomtazama usoni nilitafuta maumivu, hata kidogo, nisiyaone. Nikasema anajua kuficha.

Huo ndio ushindi pekee niliowahi kuupata juu ya Mwende, na niliishi nao. Niliishi nao ndani ya vyumba vinavyonuka nondo na dawa, droo baada ya droo, vunjajungu wa Kenya nzima wamepangwa kwa mkono wangu. Daktari alipokuwa mkali nilijikumbusha kwamba alinichagua. Alipopandishwa cheo na kuacha kunywa chai na sisi, nilijikumbusha. Mume wangu aliwahi kusema nimeolewa na yule mama, na mimi sikukataa.

Nyumba ya Mwende si kubwa. Ni ya matofali, imezungukwa na miparachichi, na ndani kuna joto la watu. Alinivua koti, akaniita dada, akaniweka karibu na meko, akanipakulia kuku wa kienyeji na ugali wa moto. Ukutani palikuwa na picha nyingi za watoto wake, na kati yao nikamwona Daktari. Si picha moja. Daktari ameketi kwenye kiti cha mbao hapo nje, amefunga leso. Daktari na mtoto mchanga mikononi. Daktari mzee, na fimbo, anacheka mdomo wazi. Nikauliza hizi ni za lini. Mwende akasema za Agosti, kila Agosti, tangu zamani, na za mwisho ni za mwaka jana alipokuwa amepungua sana. Kila Agosti Daktari alikuwa anachukua likizo yake akituambia kazini anakwenda shambani. Tulidhani ni kwao Bungoma. Nilikuwa namfungia mkate wa safari.

Nililazimika kusema kitu, kwa hiyo nikasema angalau mimi alinichagua twende Nairobi. Nilijaribu kulisema kwa mzaha. Mwende alikuwa anamenya parachichi, hakuinua hata macho.

"Si aliniuliza mimi kwanza," akasema. "Hapa hapa Mbooni, tukichota maji. Nikamwambia achukue Syombua, yeye ndiye anaitaka mpaka hapati usingizi. Mimi nikae ndani ya nyumba na wadudu wamekufa, niwafanyie nini? Hakukuambia?"

Nilisema aliniambia. Nikaongeza ugali kwenye sahani nisioutaka. Mkiniuliza kama nilihisi shukrani, sikuihisi. Mtu anaweza kukupora kitu ukamchukia, ukapata hata raha ya kumchukia. Lakini huyu aliishika ile nafasi niliyoitolea maisha yangu, akaiona si kitu, akaisukuma upande wangu, kisha akaendelea kuchota maji. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa picha zote. Nilimwonea wivu kwa kuweza kutotaka. Na hata hapo, nimekaa kwenye meko yake na chakula chake mdomoni, palibaki kitu kimoja ambacho bado nilikuwa nakitaka kutoka kwake, nikajaribu kukizuia nisiweze.

"Hizo Agosti," nikasema, "akiwa hapa. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Mwende aliweka kisu chini. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu kwa ajili yako kila pembe ya nyumba, na nilimwona anatamani akipate. Alikunja uso, akatazama paa, akatazama zile picha.

"Unajua, Syombua," akasema mwishowe, "huku alikuwa anakuja kupumzika tu. Mambo ya kazi hatukuwa tunaongea."

Mimi, basi, nilikuwa mambo ya kazi.